Nyumba ya Mlango Mmoja

Kerubo alikuwa na imani kubwa na karavani. Wapo wanaoamini maombi, wapo wanaoamini mawakili; yeye aliamini kwamba ukiwachukua watu wawili unaowapenda, ukawafungia ndani ya nyumba ya bati kando ya bahari wiki nzima, watatoka humo wakiitana majina ya utani. Alikuwa amehitimu mwaka huohuo masomo ya usuluhishi wa migogoro, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia kitu.

Mgogoro wenyewe ulikuwa nyumbani kwao, mtaa wa Saltley. Upande mmoja alikuwako mama yake, Kwamboka, muuguzi wa zamu za usiku, Mkisii aliyekuwa ameishi Birmingham miaka mingi kuliko aliyoishi Kisii. Upande wa pili alikuwako Lennox, mwalimu msaidizi wa shule ya msingi huko Balsall Heath, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Huyu alilelewa na nyanya yake wa Kijamaika, aliyemfundisha kwamba mtu mwenye adabu akiingia katika nyumba ya watu humtafuta kwanza mama mwenye nyumba, humtazama machoni, na kumpa mkono kwa mikono miwili. Lennox alikuwa akijifunza Kiswahili kwenye simu, na tayari aliweza kusema "Tembo anakunywa maji," sentensi ambayo mjini Birmingham hakuwa bado amepata nafasi ya kuitumia.

Ajabu ni kwamba mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Siku ya mahafali, Lennox alipokuwa bado anaitwa rafiki, Kwamboka alimshika mkono, akamuuliza kwao ni wapi na anasali wapi, akamwekea chapati ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Kisha ikaja Pasaka, na Kerubo akatangaza kwamba wanataka kuoana. Kwamboka akasema Mungu ni mwema, akalia kidogo, akaenda kuosha vyombo. Tangu siku hiyo Lennox hakumtia tena machoni. Akibisha hodi mlango wa mbele, mlango wa nyuma ndio unaojibu, kwa kufungwa. Safari moja Kwamboka alitokea kichochoroni akiwa na unga mikononi na ndara mguu mmoja.

"Mama, mbona uliondoka?"

"Nilikumbuka kitu."

"Kitu gani?"

"Nimeshakisahau."

Kerubo hakuwa mtoto. Alijua kukataliwa kunavyofanana. Mama alimpenda Lennox rafiki, akamkataa Lennox mchumba. Labda kwa kuwa hakuwa Mkisii, labda kwa kuwa hakuwa hata Mkenya, labda kwa sababu ya tembo. Na kwa kuwa alikuwa na moyo mwororo, aliapa kwamba hataolewa huku mama yake akiwa kichochoroni. Lennox naye alitaka tarehe, kwa sababu nyanya yake alikuwa ameahidi kucheza kwenye harusi na magoti yake yalikuwa hayasubiri mtu.

"Turudi kutoka baharini na tarehe," Kerubo akamwambia, "au turudi tukijua kwamba haipo."

Mpango ulikuwa mwepesi, kama mipango yote mibaya. Mama angeambiwa kwamba ni likizo ya mama na binti. Lennox angekuja kwa treni baadaye, kama zawadi. Karavani haina kichochoro. Haina zamu za usiku. Mama angekaa, Lennox angekaa, na upepo wa bahari ungefanya mengine. Katika miaka yake yote ya chuo hakuna mhadhiri aliyewahi kumwonya Kerubo kuhusu zawadi za namna hiyo.

Basi wakashika barabara kuu ya kusini, wakafika pwani ya Somerset mchana wa kiangazi, wamevaa makoti. Kambi iliitwa, kwa ujasiri mkubwa, Ghuba ya Jua. Jua lenyewe lilijitokeza walipokuwa wakishusha mizigo, likawatazama mpaka wakavua makoti, likaondoka. Kwamboka alipanda kilima kidogo cha mchanga kuiona bahari. Mbele yake palikuwa na tope. Tope pana, la kijivu, linalong'aa, limenyooka mpaka upeo wa macho.

"Bahari iko wapi?"

"Maji yamekupwa, Mama. Yatarudi."

"Hata bahari yao inafanya kazi kwa zamu," Kwamboka akasema.

Lakini karavani aliipenda. Ilikuwa na sebule ndogo iliyoungana na jiko, kamba ya mapambo ya konokono juu ya dirisha, ukumbi mwembamba wa kupita mtu mmoja aliyefunga kula, bafu, na vyumba viwili vyenye kuta za unene wa biskuti. Mlango ulikuwa mmoja. Kerubo aliuona mlango huo kwa furaha. Mama yake hakuona neno, maana bado hakuwa na sababu. Alisonga ugali kwenye jiko la gesi lililokuwa limezoea soseji, akajifunga leso, akainua miguu juu ya sofa, akalala usingizi wa mtu ambaye hakuna kengele ya mgonjwa inayoweza kumfikia.

Kesho yake akapata na shoga. Alikuwa kibarazani akizungumza kwa simu na dada yake, kwa Kikisii, akiisema hali ya hewa ya Uingereza maneno ambayo haiwezekani kuyasema kwa Kiingereza. Kutoka kibaraza cha karavani ya jirani sauti ikacheka, kisha ikaongezea neno moja zito zaidi, kwa Kikisii hichohicho. Kwamboka nusura aangushe simu. Mwenye sauti alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mzee, amevaa sari na sweta mbili. Aliitwa Jasumati. Alizaliwa Kisii mjini, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na sasa alikaa Balsall Heath kwa mwanawe Vikram, ambaye kila mwaka alimleta baharini, akamwachia chai na mablanketi, akarudi mjini kufanya kazi.

"Mama Kerubo, wewe watoka upande gani? Nyaribari?"

"Bobasi."

"Aa. Watu wa Bobasi walikuwa wakikata bei mpaka baba yangu anashikwa na homa."

Kuanzia hapo hawakuachana.

Jumatatu mvua ilinyesha kwa upande, kama iliyotumwa kwa mtu fulani. Kwamboka alikuwa kwenye sofa, kichwa wazi, miguu juu, akimenya chungwa, mlango ulipofunguliwa na Lennox akasimama pale, ameloa chapachapa, begi begani, maua mkononi yakiwa yamebaki mabua.

"Shikamoo, Mama," akasema, na kwa adabu yote aliyofundishwa na nyanya yake akamtazama machoni.

Chungwa lilianguka. Kwamboka alishusha miguu, akavuta kitambaa cha sofa akajifunika kichwa na mabega, mito miwili ikaruka.

"Huyu anakuja kunywa chai?" akamuuliza Kerubo kwa Kiswahili, akitazama zulia.

"Anakaa nasi, Mama. Mpaka Jumamosi." Kerubo alitabasamu tabasamu alilokuwa amelitunza tangu Birmingham. "Sofa hii inageuka kitanda."

Kwamboka akainua macho, si kwa Lennox bali kwa mlango uliokuwa nyuma ya Lennox. Akageuka kutafuta mwingine. Haukuwapo.

"Nimemkumbuka mgonjwa wangu mmoja," akasema. "Nikampigie simu hospitalini."

"Piga hapahapa."

"Hapa mtandao ni mbaya."

Akangoja Lennox asogee kuweka begi, kisha akapita, ubavu ukutani, uso kwenye dirisha, kama mtu anayepita ukingo wa genge, akatokomea mvuani na kitambaa cha sofa kichwani. Asubuhi walimkuta ndani ya gari, kiti kimelazwa, vioo vimejaa ukungu, blanketi mpaka kidevuni.

"Mgongo wangu unapenda kiti cha gari," akaeleza.

Muuguzi mkuu, aliyewahi kuwafukuza wodini madaktari wenye viatu vichafu, alichagua kulala ndani ya Toyota kuliko chini ya paa moja na mchumba wa binti yake. Kerubo aliingia bafuni akafungua maji ya bomba ili asisikike akilia.

Siku zilizofuata hali ya hewa haikutulia, na watu pia. Mvua ilikuja, jua likaifukuza, mawe ya barafu yakaanguka juu ya bati kama maharagwe, kisha ukatokea upinde wa mvua usio na haya. Lennox, kwa kuwa alikuwa kijana mwema, aliongeza bidii. Alipeleka chai garini. Kwamboka akashukia mlango wa upande wa pili. Alimfuata ufukweni na koti la mvua; Kwamboka, ambaye magoti yalikuwa yakimuuma tangu mwaka juzi, akapanda kilima cha mchanga kama mbuzi. Alijitolea kubeba mtungi wa maji. Mtungi ukaachwa njiani peke yake. Watu wa kambi walikaa madirishani na vikombe vyao kutazama. Kwa kuwa bahari haikuwapo, angalau kulikuwa na hilo.

"Labda nimemkosea," Lennox akasema jioni, akikamua soksi. "Nyanya angesema nimwombe radhi uso kwa uso."

"Hujamkosea," Kerubo akamjibu. "Yeye ndiye anayekukosea."

Akampigia baba yake simu. Solomon alikuwa Kisii akisimamia ujenzi wa nyumba iliyokuwa inakaribia kuisha tangu Kerubo akiwa shule ya msingi, na hivyo alikuwa ameikosa likizo hii kwa bahati asiyostahili.

"Baba, Mama analala garini. Tangu Lennox aje."

"Umekodi nyumba ngapi huko?"

"Moja. Karavani."

"Ina milango mingapi?"

"Baba, milango inahusu nini?"

"Hayo muulize mama yako," Solomon akasema. "Mtandao unasumbua huku." Na simu, iliyokuwa safi kama kengele ya kanisa, ikakatika.

Alhamisi upepo uliamka na hasira. Lennox alisema anakwenda dukani kununua mkate, duka lilikuwa mbali, na Kwamboka, ambaye alikuwa akinawa kwa beseni nyuma ya gari kama mkimbizi, aliona nafasi yake. Akachukua taulo, akaingia karavani, akajifungia bafuni. Maji yakaanza kutiririka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akasikika akiimba pambio.

Pambio halijafika kiitikio, upepo ukamrudisha Lennox mlangoni bila mkate na bila kofia.

Kuimba kukakoma. Maji yakakoma.

"Mama yuko bafuni?" Lennox akanong'ona, akaketi sofani, akafungua koti, akangoja kwa heshima. Wakangoja wote. Upepo ulitikisa karavani, konokono wa mapambo wakagongana. Chai ikapoa. Lennox akaanza kuingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wa mtu mwema ni kitu cha hatari. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa bafu, akagonga taratibu.

"Mama? Uko salama? Nikuletee taulo?"

Ndani kikaanguka kitu, pengine sabuni, pengine mtu.

Kerubo hakuweza kuvumilia tena. Alimsogeza Lennox, akaweka paji la uso kwenye mlango ule wa biskuti.

"Mama, basi. Kama humtaki Lennox, sema. Usikimbie kila siku. Usilale garini watu wakatuona. Sema hapa, 'Kerubo, simtaki,' nami nitamwambia aende nyumbani, sitakulazimisha. Lakini sema, maana hata mimi nimechoka kungoja."

Wakasikia kidirisha cha bafu kikisukumwa, na sauti ya Kwamboka ikitoka kupitia nafasi isiyopitisha hata paka, ikipaa juu ya upepo, kwa Kikisii, ikimwita Jasumati.

Jasumati alifika na buti za mpira chini ya sari na mwavuli uliopinduka kama ua. Alitazama mlango wa bafu, akamtazama Lennox, akatazama mlango wa karavani, akaelewa yote.

"Wewe kijana," akamwambia, "toka nje. Nenda usimame nyuma ya karavani yangu. Utazame baharini, usigeuke mpaka uitwe."

"Bahari haipo," Lennox akasema.

"Basi tazama tope."

Akatoka. Jasumati akaketi sofani, akajipangusa uso kwa ncha ya sari.

"Mtoto, mama yako hajawahi kukuambia habari ya mkwe?"

"Mkwe yupi?"

"Mungu wangu." Jasumati akapaza sauti kuelekea bafuni. "Mama Kerubo, hajui. Hajui kitu huyu."

"Sikiliza," akamwambia Kerubo. "Duka letu Kisii lilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Mama yuko pale anapimiwa kitambaa, mara mume wa binti yake anatokea barabarani. Baba yangu hakuuliza swali. Alifungua mlango wa nyuma, mama anapita na kitambaa hakijakatwa. Mimi nikiwa mdogo nilidhani wale akina mama ni wezi. Baba akanipiga kofi dogo, akasema, wezi? Hiyo ni heshima. Wenyewe huiita chinsoni. Mama na mkwe wake hawalali nyumba moja, hawapeani mikono, bafu moja ndiyo usiseme. Anamkwepa ili asimvunjie heshima, naye pia asivunjiwe."

Mlango wa bafu ukafunguka. Kwamboka akatoka, amevaa kikamilifu, kitambaa kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa sabuni.

"Nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani umefanya makusudi. Unanileta kwenye nyumba ya mlango mmoja, unaniwekea mkwe wangu mlangoni, mimi kichwa wazi na miguu juu. Nikajiuliza usiku kucha kwenye gari, huyu mtoto nimemkosea nini mpaka aniaibishe hivi."

Kerubo alifungua mdomo. Alikuwa na hoja nyingi, zote za chuo kikuu, zikagongana mlangoni zisipite. Swali lililoweza kupita lilikuwa dogo.

"Umemwita nani?"

"Nani?"

"Lennox. Umemwita nani sasa hivi?"

"Mkwe wangu. Ulitaka nimwite tarishi?" Kwamboka akaketi karibu na Jasumati, akaanza kukausha masikio. "Siku ya mahafali alikuwa kijana wa watu, nikampa mkono. Pasaka ukaniambia mnaoana, mkono ukarudi. Ndivyo ilivyo. Wengine wameacha siku hizi, wanakumbatiana na wakwe, wanacheza nao muziki. Mimi sijaacha."

"Mimi nilijua humtaki."

"Simtaki? Kerubo, nani hukimbia mtu asiyemtaka? Asiyetakiwa unamkalisha hapa, unamtazama usoni, unamuuliza maswali mpaka akumbuke treni ya mwisho. Kwa mguu huu mbovu nimepandishwa mlima wa mchanga. Ungepanda wewe kwa ajili ya mtu usiyemtaka?"

Kerubo akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Jasumati akampa ncha kavu ya sari.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Aibu haielezwi. Inaonwa. Mimi nilimwona mama yangu akijificha nyuma ya ghala, nikajua."

"Nimezaliwa Birmingham. Ningeona ghala wapi?"

Kwamboka alifikiri juu ya hilo. Alifikiri kwa haki, kama mtu anayesoma kipimo cha mgonjwa asiyempenda.

"Hilo nalo kweli," akasema. "Nilidhani mambo haya huja na damu."

Nyuma ya karavani ya jirani Lennox alikuwa bado analitazama tope, bila kugeuka, nywele zake zikiwa zimelala upande mmoja. Kerubo alimweleza yote akipaza sauti, kwa sababu ya upepo. Aliposikia mpaka mwisho alijifunika uso kwa viganja.

"Yaani nimekuwa nikimfukuza mama mkwe wangu ufukweni kama mbwa anayefukuza gari?"

"Na chai mkononi."

"Nyanya yangu asijue."

Kwa kweli walikuwa wawili wenye adabu kupita kiasi, mmoja akiheshimu kwa kusogea karibu, mwingine kwa kusogea mbali, na msuluhishi mwenye shahada alikuwa amewafungia pamoja na kuwaita wagomvi.

Kwamboka akahamia kwa Jasumati, ambako waliwasema watu mpaka bati likachoka. Lennox naye akaishika desturi kwa bidii ileile iliyomharibia wiki. Alikohoa kabla ya kila kona. Alimwona mama mmoja wa Kiingereza mwenye kitambaa kichwani akajitupa nyuma ya pipa la taka. Alipotaka kwenda bafuni alituma ujumbe.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoka, na jua lilitoka kwa nguvu zote, kama kawaida yake watu wakishafunga mizigo. Kwamboka alikuja na chapati na kuku ndani ya bakuli lililofungwa kwa kitambaa, akaliweka juu ya ngazi ya karavani, akagonga mlango, akajiondokea mpaka kwenye gari, akawapa mgongo. Lennox akafungua, akalichukua bakuli. Kabla hajarudi ndani alitazama wingu moja jeusi lililokuwa likija mbio, akauacha mwavuli wake mahali pale pale, akafunga mlango. Mvua ikaanza. Kwamboka akarudi, akauchukua mwavuli, akaufungua, akaugeuza huku na huku akiukagua, kama anayekagua kitambaa dukani.

"Kerubo," akaita. "Mwambie mtu wako chapati ni za njiani, asile zote kabla ya treni."

Kerubo alikuwa amesimama katikati, kwenye majani, analoa. Akafikisha ujumbe dirishani.

"Na mwambie Agosti mwakani nina likizo."

Kerubo alijipangusa maji machoni. Kisha akaufikisha huo pia, mara mbili.

"Asante, Mama," sauti ikatoka nyuma ya karavani. Lennox alikuwa ametoka kupitia dirisha la nyuma, kwa maana mlango ulikuwa umetazamana na mama mkwe wake. Sasa alisimama na bakuli kifuani, amewapa mgongo, akiishukuru bahari. Nayo bahari asubuhi hiyo ilikuwa imerudi kazini, imejaa mpaka kwenye kilima.

Kwamboka alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Akatoa kichwa nje ya mwavuli kidogo.

"Na kanisa," akasema, "mtafute lenye milango miwili."